Mita 67 za Kusugua

Kila Jumamosi asubuhi, tangu nikiwa darasa la tatu, Mama alikuwa akiingia bafuni na mswaki uliostaafu kazi ya meno. Hutandika gunia chini, hupiga magoti, akaanza kusugua mistari iliyo kati ya vigae, kutoka kona ya kushoto karibu na mlango, mstari baada ya mstari, hadi chai aliyoiacha mezani ifanye utando. Bafu hilo Baba alilijenga mwaka 1986 hapa kwetu Lanet, Nakuru: vigae vyeupe vya inchi sita hadi usawa wa kifua, juu yake rangi ya mafuta ya kijani, na chini sakafu ya niru nyekundu iliyokuwa ikiteleza hata ukiitazama tu.

Majuzi nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo ningeifanya zamani kama ningekuwa na huruma. Kigae cha sentimita 15 kwa 15 huacha mistari ya mita 13 na ushee katika kila mita moja ya mraba. Vigae vya Baba vilifunika mita tano za mraba. Yaani Mama alikuwa akisugua mita 67 za mistari kila wiki, kwa mswaki, akiwa amepiga magoti. Huo ni mwendo wa kutoka mlango wa jikoni hadi kwa mama mboga na kurudi nusu ya njia.

Sasa ana miaka 71 na goti la kulia limekataa. Hakulalamika, si kawaida yake. Nilichogundua ni kwamba gunia lilikuwa limepotea mahali pake, na mistari ilianza kuwa myeusi kutoka chini kwenda juu, kama maji ya mafuriko yanavyopanda.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno, maana nafundisha Kiswahili na wanafunzi wangu wakisoma hapa watanicheka. Fundi husema tailsi. Majirani zetu wa Tanzania husema marumaru, ingawa mengi si marumaru ya kweli. Mimi nitasema kigae, neno ambalo zamani lilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Mtakavyoona, maana hiyo ya zamani ilitufaa kuliko nilivyotarajia.

Dalili ya kwanza ilijitokeza chumbani kwa Mama, ndani ya kabati la nguo linalopakana na bafu. Leso zake za sanduku, zile ambazo hazivaliwi ila harusini, zilikuwa zinanuka ukungu. Nilipolisogeza kabati nikakuta rangi ya ukuta imevimba malengelenge, na nilipoligusa lengelenge moja likamwaga unga mweupe, laini kama wa sima. Nikadhani ni chokaa. Baadaye nilieleweshwa kwamba ni chumvi. Maji hupenya ukutani, huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya mawe na simiti, na yakifika upande mkavu hukauka na kuiacha pale. Ukiona unga wa namna hiyo chumbani, bafu lililo nyuma ya ukuta linavuja, hata kama vigae vyake vinang'aa.

Lakini wakati huo sikuwa nimeeleweshwa, kwa hiyo nikafanya kama watu wengi wafanyavyo: nikaenda mjini kuchagua vigae.

Kosa la kwanza ni langu mwenyewe, sina wa kumsukumia. Nilipenda vyeusi vinavyong'aa. Dukani, chini ya taa zile zao, vilikuwa kama uso wa ziwa usiku. Nikavilipia. Fundi niliyempata alikubali bei kwa mita ya mraba na akafanya kazi kwa siku mbili. Alibandika vipya juu ya vile vya zamani, akasema kubomoa ni kupoteza pesa, na jioni ya siku ya pili akajaza grauti, ule uji unaozibia mistari kati ya vigae, akapangusa, akapiga picha, akaondoka. Mama alimpa ndizi mbili za safarini.

Ndani ya miezi minne bafu lilikuwa limezeeka kuliko la Baba. Maji yaliketi karibu na mlango badala ya kwenda kwenye tundu. Grauti ilipasuka kwenye kona zote nne, kisha ikawa nyeusi. Na vile vigae vyangu vya ziwa usiku vilijaa madoa meupe, kwa sababu maji ya Nakuru kwa sehemu kubwa hutoka visimani, na maji ya visima vyetu yana mambo yake. Ni haya haya yenye floraidi inayotupaka meno rangi ya chai, hata mtu akicheka Mombasa wanamwuliza kama ametoka Nakuru. Tone likikauka juu ya kigae cheusi huacha duara jeupe. Juu ya kigae cha rangi ya vumbi duara hilo lipo vilevile, ila hulioni. Hiyo ndiyo siri yote ya rangi, na hakuna muuzaji aliyenidokezea.

Fundi wa pili aliletwa na mwalimu mwenzangu. Ni mtu mzima, kwao Vihiga, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliingia bafuni na kabla ya kusema lolote akaniomba sarafu. Nikampa ya shilingi 20. Akaanza kugonga vigae kimoja kimoja, kichwa ameinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Tik, tik, tik. Kisha: tok. Akarudi nyuma. Tok. Akaendelea, na kadiri alivyoshuka chini ndivyo tok zilivyozidi, hadi sakafuni ambako ilikuwa tok tupu.

"Mwalimu, hivi vinalia tupu."

Akachukua tindo, akakichokonoa kimoja ukingoni, kikatoka kizima mkononi mwake kama kifuniko cha sufuria. Mgongoni kilikuwa na madonge matano ya simiti: moja kila pembe na moja katikati. Mahali pengine pote palikuwa wazi, na mule wazi mlikuwa na maji. Maji yenyewe yalikuwa yananuka.

"Grauti haizuii maji," alisema, akimwangalia Mama badala yangu, maana alishatambua mwenye bafu ni nani. "Grauti ya simiti inakunywa. Na kigae ni nguo tu. Kinachozuia maji kiko chini ya nguo. Hapa hakuna kitu."

Nikauliza gharama ya kuanza upya. Akanitajia mshahara wa siku, si wa mita. Nilipojaribu kumrudisha kwenye mita alikataa kwa upole. Tangu siku hiyo nina msimamo ambao niko tayari kuutetea popote: ukimlipa fundi wa bafu kwa mita ya mraba, umenunua kasi, na bafu ni kazi iliyojaa kusubiri.

Wakabomoa yeye na kijana wake, vyeusi vyangu na vyeupe vya Baba pamoja, hadi kwenye mawe. Vumbi lilifika sebuleni. Plasta ya nyuma ilikuwa imeoza hadi unaweza kuichota kwa kijiko. Watoto wa jirani waliokota vipande vyeupe wakachezea kibandani kwao, navyo vikawa vigae kwa maana halisi ya kamusi. Mama alikiokota kimoja kizima, akakifuta kwa pindo la leso, akakiweka jikoni. Anaweka sufuria ya moto juu yake hadi leo.

Siku zilizofuata alioga kwa karai jikoni mlango ukiwa umefungwa, nami nikawa naoga shuleni. Zilikuwa siku 13. Fundi alikuwa ametuambia tisa.

Fundi wa stima nitampitia haraka, ingawa yeye ndiye angepaswa kuja kwanza kabisa. Ile shawa yetu ya instanti ilikuwa ikinitekenya mkono kila nilipogusa bomba, nasi tulizoea, tukawa tunavaa ndala na kufunga kwa kitambaa. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23, na yetu ilikuwa imeunganishwa kwenye waya mwembamba wa taa, haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Alivuta waya mnene wake pekee kutoka kwenye meni switchi, akaweka ethi, akahamishia swichi nje ya bafu. Kichwa cha shawa chenyewe tukabadilisha, tukachukua cha maji ya chumvi kwa ajili ya siku zile tunaponunua maji ya kisima. Kama na wewe unatekenywa, acha kusoma uzime hiyo kitu kwanza.

Narudi kwenye sakafu, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Bafu la Baba lilikuwa na kizingiti cha shubiri moja cha kuzuia maji yasitoke. Kwa goti la Mama kizingiti hicho kilikuwa kilima cha Menengai. Fundi alikiondoa. Lakini ukiondoa kizingiti, kitu pekee kinachobaki kuyaongoza maji ni mteremko. Sehemu ya kuogea ina urefu wa mita moja na nusu. Alitaka sentimita mbili za mteremko kwa kila mita, kwa hiyo sakafu ikashuka sentimita tatu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Pungufu ya hapo maji yanalala, na ukizidisha sana mtu mzee anahisi anasukumwa. Hakuliacha tundu katikati. Aliweka mfereji mrefu mwembamba wenye wavu wa stenlesi chini ya ukuta wa nyuma, ili sakafu yote ielekee upande mmoja na vigae vikae vizima bila kukatwakatwa pembe. "Hapa maji yamezoea kwenda mlangoni," alisema akiwa amelaza pima maji sakafuni, akitazama kile kiputo. "Tunayafundisha njia nyingine."

Plasta mpya na sakafu mpya viliachwa vikauke. Ndipo kikaja kile kitu cha chini ya nguo: unga wa kijivu unaochanganywa na maziwa ya plastiki hadi uwe uji, kisha unapakwa kwa brashi. Kwenye kila kona, na kuzunguka mfereji, alizamisha utepe wa kitambaa ndani ya uji ule, kwa sababu nyumba husogea kidogo na kona ndizo hupasuka kwanza. Sisi wa Nakuru hatuna haja ya kushawishiwa kwamba ardhi husogea. Mkono wa kwanza alipaka kwenda juu, akaacha ukakauka, wa pili akapaka kwenda kando. Ukutani alipanda nao hadi juu ya kichwa cha shawa.

Kisha akaziba mfereji kwa tambara lililofungwa ndani ya nailoni, akaweka vizuizi mlangoni, akajaza maji ya vidole viwili, akachora mstari kwa penseli pale maji yalipofika. Akaniambia tusiguse hadi kesho saa kama ile.

Saa saba usiku niliamka nikaona mwanga. Nikamkuta Mama amesimama bafuni mlangoni, shuka begani, tochi ya simu ameielekeza kwenye ule mstari wa penseli.

"Yameshuka," alisema.

"Mama, rudi ulale."

"Yameshuka, njoo uone."

Yalikuwa yameshuka kweli, nusu ya upana wa kidole. Asubuhi yalikuwa yamekwisha nusu. Fundi alipofika hakubishana wala hakutoa sababu. Alipanguza, akapapasa kwa vidole kuzunguka mfereji, akapata mahali ambapo utepe ulikuwa umenyanyuka kama ukucha. Akakata, akaziba upya, tukasubiri, tukajaza tena. Hizo ndizo siku nne za nyongeza. Mara ya pili maji yalisimama palepale kwenye penseli saa 24, na Mama alilala usiku kucha. Nikafikiria: fundi wa kwanza angekuwa ameshalipwa, ameshaposti picha.

Vigae nilikwenda kuvinunua mara hii nikiwa na masharti. Vya ukutani vya sentimita 30 kwa 60, visivyong'aa, rangi ya vumbi la barabara ya kwenda shambani. Kuta tatu hadi mita 2.1 zilihitaji karibu mita tisa za mraba, na pamoja na vya kukatwa na kuvunjika nikachukua boksi saba. Vya sakafuni vya 30 kwa 30, vyenye mkwaruzo. Vya sakafuni usivijaribu kwa macho. Mimi nilivua kiatu dukani, nikaomba maji, nikamwagia kigae nikasimama juu yake. Muuzaji alinitazama kama mgonjwa, kisha akaleta cha aina nyingine ambacho sikuwa nimekiuliza.

Kwa ukubwa huo, kila mita ya mraba ya ukuta ina mita tano tu za mistari. Kuta zimekuwa ndefu karibu mara mbili ya zile za vigae vya Baba, ila mistari yote haizidi mita 45. Kwenye sakafu na safu mbili za chini za ukuta, ambako maji hukaa zaidi, tulitumia grauti ya epoksi. Hii huja kwa makopo mawili unayochanganya, ikiganda hainywi maji wala haishiki uchafu kirahisi. Bei yake ilinifanya nihesabu noti mara mbili, na kuipaka ni vita, maana usipoipangusa mapema itabaki juu ya kigae milele. Juu tukaweka ya simiti ya kawaida. Kwenye kona zenyewe hakuweka grauti ya aina yoyote bali silikoni, ambayo hunyumbuka. Silikoni itachoka baada ya miaka kadhaa na itabidi ikatwe iwekwe nyingine. Fundi alisema hilo waziwazi, nami nilimwamini zaidi kwa kulisema.

Safari hii nyuma ya kila kigae gundi ilienea yote. Alikuwa anaichana kwa mwiko wenye meno, anabandika, anagonga kwa nyundo ya mpira, kisha kila baada ya vichache anakibandua kimoja akitazame mgongo.

Nilitaka mlango wa kioo, nakiri. Niliuona kwenye picha za watu. Mama aliuliza swali moja tu, "Nani atakifuta?" Badala yake kikajengwa kiukuta kifupi cha vigae upande wa shawa, na pazia la plastiki lenye ukungu likaenda jalalani. Ukutani ikafungwa fimbo ya stenlesi ya kujishikia, imeshikiliwa kwenye jiwe na si kwenye plasta. Na nikaomba kidaka cha sabuni. Fundi hakulijua neno, akaliita kashelfu, ikabidi nimweleze kuhusu vidaka vya nyumba za Lamu vilivyochongwa kwa plasta safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vya thamani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia hao wa Lamu hawakuoga mle, na chetu lazima sakafu yake iinamie mbele kidogo, la sivyo sabuni italala kwenye uji wake.

Jambo moja tulilobishana na Mama baada ya yote ni ile dawa ya choo yenye asidi, ambayo yeye huiamini kuliko waganga. Asidi hula simiti, na grauti ya kawaida ni simiti. Kila alipoimwaga miaka ile mistari iwe myeupe, alikuwa anaichimba zaidi, na shimo likiwa kubwa uchafu hupata nyumba. Aliposikia hivyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema basi ni yeye aliyeliharibu bafu la Baba. Nikamwambia hapana, ni maji. Sikutaka kufika kwenye hesabu ya nani alifanya nini kwa miaka 30 na zaidi, wakati sisi wengine tulikuwa tunaoga tu na kutoka.

Pia amekubali kuacha dirisha la luva wazi. Zamani aliliziba kwa gunia kwa sababu ya baridi ya Julai, na baridi ya Julai ya Lanet si ya kuchezea. Sasa anaoga likiwa limefungwa, akimaliza analifungua na kuvuta maji ya sakafuni kwa ule mpira wa mpini mrefu, akiwa amesimama. Nilimpima Jumamosi iliyopita bila yeye kujua. Alitoka baada ya dakika sita na chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Wiki iliyopita chama chake kilikutana kwetu. Baada ya chai aliwaongoza wote wanane hadi bafuni, wakajipanga koridoni, naye akatoa shilingi 20 kwenye mfundo wa leso akaanza kugonga ukuta toka juu hadi chini. Tik, tik, tik. Wakasikiliza kimya. Karibu na mlango, usawa wa kifundo cha mguu, kuna kimoja kinachosema tok. Alikiruka kwa ustadi mkubwa.

Mmoja wao akatoa simu, akaomba namba ya fundi hapohapo.

"Nitakupa," Mama alimjibu, akifunga sarafu yake tena kwenye leso. "Lakini kwanza twende kwako ukanionyeshe kabati la nguo."